São Tomé kwa juma moja: mpango wetu kutoka Lubumbashi

Nchi tutakayoitembelea likizo hii, Mungu akipenda, ni São Tomé na Príncipe, visiwa viwili vikubwa na vingine vidogo vidogo katika Ghuba ya Guinea, ambavyo vyote kwa pamoja vina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,000 na watu wanaozidi kidogo 200,000. Barani Afrika ni Shelisheli pekee iliyo ndogo kuliko nchi hiyo kwa eneo. Sisi tunaoishi Haut-Katanga, jimbo lenye zaidi ya kilomita za mraba 130,000, tukisikia hesabu kama hizo tunadhani mara moja kwamba nchi nzima yaweza kuzungukwa kabla ya chakula cha mchana, na ndivyo alivyosema mdogo wa mke wangu nilipomwonyesha ramani: «Shemeji, siku mbili zinatosha, zilizobaki tulale ufukweni.» Naandika hapa kwa nini sikukubaliana naye, na jinsi safari yenyewe ilivyopangwa, kwa kuwa wasomaji kadhaa wa hapa Lubumbashi na wa Likasi wameniuliza kama safari ya aina hiyo inawezekana kwa familia isiyo ya kitajiri.

Wengine waliniuliza kwa nini tusiende Zambia tu. Swali hilo ni la haki, kwani Kasumbalesa iko karibu, basi za kwenda Lusaka zipo, na kutoka Lusaka mtu hufika Livingstone na kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya bila kupanda ndege hata moja. Jibu langu la kwanza ni bahari. Mtoto wa Lubumbashi hukua akila bukari, yaani ugali, na tomsoni, samaki anayefika sokoni akiwa ameganda ndani ya katoni, naye hufikia utu uzima bila kuyaona maji aliyovuliwa samaki huyo. Wanangu wanajua mto Lwapula na wanajua maporomoko ya Lofoi kwa picha. Bahari hawaijui kabisa, na mimi mwenyewe naijua kidogo mno.

Jibu la pili ndilo lililonishika zaidi, na ndilo lililoamua mpangilio wa siku zetu. Baba yangu alizaliwa katika kambi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba ya Katanga. Wenye umri wake hapa mjini wanafahamu maana yake: kampuni iliyoundwa mwaka 1906 ilianza, kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwakalisha wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao, ikawajengea nyumba za mistari iliyonyooka, hospitali, shule na kanisa, ikawagawia posho kwa siku maalumu, na ikapanga maisha yao tangu kuamka hadi kulala. Dola ilipoitwaa mali hiyo mwaka 1967, na hatimaye ikaitwa Gécamines, mpangilio wa makambi ulibaki karibu vilevile kwa miaka mingi. Basi siku moja nikisoma habari za kakao nilikutana na maelezo ya mashamba makubwa ya São Tomé, ambayo wenyeji huyaita roça: nyumba ya msimamizi juu ya kilima, hospitali yake, kanisa lake, majumba ya kukaushia mbegu, reli nyembamba ya kubebea magunia hadi bandarini, na chini yake safu za vyumba vya wafanyakazi. Nilimsomea baba maelezo hayo nikiyatafsiri papo hapo. Akaniambia, «Mwanangu, hiyo ni kambi.» Akaniuliza kama huko nako posho ilikuwa unga.

Tena jambo hilo haliko mbali nasi kama linavyoonekana kwenye ramani. Katika karne ya 19 Bunkeya, mji mkuu wa Mwami Msiri hapa Katanga, ulikuwa mahali pa kukutania misafara ya pande mbili: kutoka mashariki walikuja Waswahili na Waarabu wa pwani ya Bahari ya Hindi, na kutoka magharibi walikuja Waovimbundu wa Bihé, katika Angola ya leo, ambao njia yao iliishia Benguela kwenye Atlantiki. Walichukua pembe za ndovu na shaba, na walichukua watu pia. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini biashara hiyo ya kuelekea magharibi haikufa pamoja naye. Ureno ilikuwa imekwisha kufuta utumwa katika visiwa vile mwaka 1875, na mahali pake ukawekwa mkataba wa kazi wa miaka mitano. Mwanahabari Mwingereza Henry Nevinson, aliyepita Angola na visiwani kati ya 1904 na 1905, alieleza jinsi watu walivyonunuliwa ndani kabisa ya bara, wengine ng'ambo ya mpaka wa Dola Huru la Kongo, wakafikishwa pwani kwa miguu, wakaandikishwa mkataba wasioujua, na kupakiwa melini kwenda kuchuma kakao. Kabla ya mwaka 1908 karibu hakuna aliyerudishwa kwao baada ya miaka yake mitano kwisha. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury na watengenezaji wengine wa chokoleti walisusia kakao ya São Tomé kwa sababu hiyo. Siendi kutafuta ukoo wangu huko. Ila mtu wa Katanga anayepita katika safu zile za vyumba ana sababu ya kupita polepole kuliko mgeni aliyefuata fukwe peke yake, na ndiyo maana nilianza kupanga safari kwa kuchagua mashamba kwanza, fukwe baadaye.

Majira tulichaguliwa na shule. Watoto wanafunga shule mwanzoni mwa mwezi wa saba, na kwa bahati njema kipindi hicho ndicho kiangazi cha visiwani, wanachokiita gravana, ambacho huanza takribani mwezi wa sita na kufika hadi mwezi wa tisa. Kiangazi chao hakifanani na chetu. Hapa Lubumbashi, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,200, mwezi wa saba una baridi ya asubuhi, vumbi jekundu na anga isiyo na wingu hata moja. Kule mvua hupungua na joto hupungua kidogo, na mawingu yanaendelea kukaa juu ya milima. Anayetaka picha za anga la bluu atavunjika moyo. Anayetaka kupita katika barabara za udongo na njia za msituni bila kuzama, huo ndio wakati wake. Kuna kitu tutakachokosa: kasa wa baharini hupanda fukwe kutaga mayai hasa kati ya mwezi wa kumi na moja na wa pili. Badala yake, kuanzia mwezi wa saba nyangumi wenye nundu hupita karibu na visiwa pamoja na watoto wao, na wavuvi huwapeleka wageni kuwatazama. Mke wangu, ambaye hapendi mashua, amesema atawatazama akiwa nchi kavu. Vilevile tarehe 12 Julai ni sikukuu ya uhuru wao, uliopatikana mwaka 1975, na siku hiyo hatukupanga shughuli yoyote inayohitaji ofisi au duka.

Kufika huko ndiyo sehemu ngumu, na hapa nasihi mtu asianze kwa kutazama hoteli. Hakuna ndege inayotoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenda moja kwa moja. Wageni wengi wa visiwa hivyo hutoka Lisbon, na kwa mtu wa Lubumbashi kwenda Ulaya ili arudi Afrika ni gharama na karatasi zisizo na sababu. Njia ya maana ni Luanda: Lubumbashi hadi Kinshasa, Kinshasa hadi Luanda, kisha ndege ya shirika la Angola hadi São Tomé. Kipande hiki cha mwisho hakina ndege kila siku, kwa hiyo ndicho kinachotawala kalenda yote. Tulianza kwa kuchagua siku ya kutua São Tomé na siku ya kuondoka, tukarudi nyuma hadi Luanda, tukarudi nyuma tena hadi Kinshasa, na kila mahali tukaacha usiku mmoja wa akiba, kwa kuwa safari za ndani ya nchi yetu zina tabia ya kusogezwa saa bila mtu kuarifiwa. Usiku wa Luanda nao unahitaji kufikiriwa. Uwanja mpya wa ndege unaoitwa kwa jina la Agostinho Neto, rais wa kwanza wa Angola, uliozinduliwa mwaka 2023, uko kiasi cha kilomita 40 nje ya jiji, ilhali ule wa zamani uko katikati ya mitaa. Kabla ya kulipia chumba ni lazima mtu asome kwenye tiketi yake uwanja gani umeandikwa, kuja na kuondoka.

Naomba niseme kidogo juu ya njia ambayo hatutaipita, ingawa ndiyo niipendayo. Reli ya Benguela hutoka bandari ya Lobito na kuvuka Angola nzima, kilomita 1,344, hadi Luau mpakani, mkabala na Dilolo yetu. Ilijengwa ili shaba ya Katanga ifike Atlantiki, vita vya Angola vikaiua, na mwaka 2015 ikazinduliwa upya baada ya kukarabatiwa. Kusafiri kwa treni hiyo kungekuwa kufuata, kwa jumla, upande ule ule ilikoelekea misafara ya Bihé. Lakini kutoka Lubumbashi hadi Dilolo peke yake ni safari inayoweza kumaliza likizo, na nina watoto. Tumeiweka kando kwa mwaka ambao nitakuwa peke yangu, au nitakuwa mstaafu.

Sasa nifike kwenye ramani yenyewe, kwani hapa ndipo hesabu ya siku mbili ya shemeji ilipovunjika. Kisiwa cha São Tomé kina urefu wa karibu kilomita 50 na upana wa kilomita 30 hivi. Mtu akitazama harakaharaka anaona pwani inayozunguka na anajiambia kwamba barabara nayo inazunguka. Haizunguki. Kutoka mji mkuu, ambao uko kaskazini-mashariki, barabara zinatoka kama vidole vitatu vya kiganja kimoja: kimoja kinafuata pwani ya kaskazini na kugeuka magharibi hadi Santa Catarina, ambako kinakoma, kimoja kinapanda katikati kupitia Trindade hadi nyanda za juu, na kimoja kinashuka pwani ya mashariki hadi Porto Alegre, ncha ya kusini, nacho kinakoma. Kati ya Santa Catarina na Porto Alegre, kusini-magharibi kote, ni msitu mzito wa hifadhi ya taifa ya Obô na milima isiyo na barabara ya gari. Kwa hiyo kila safari ni ya kwenda na kurudi njia ileile, na kila siku unaanzia mjini isipokuwa umelala huko ulikokwenda. Ukishajua hilo, ratiba inajiandika yenyewe: siku ya kaskazini, siku ya katikati, na siku mbili za kusini pamoja na usiku wa kulala hukohuko, juu ya siku za kuingia, za kutoka na za kupumzika.

Kaskazini tutaanza na Roça Agostinho Neto, iliyokuwa ikiitwa Rio do Ouro enzi za Wareno, ambayo ilikuwa miongoni mwa mashamba makubwa kabisa ya kisiwa. Barabara pana inapanda kwa ngazi hadi hospitali kubwa iliyo juu kabisa, na kandokando ni majengo ya kazi na makazi. Hakuna geti la makumbusho hapo wala foleni ya tiketi; watu wanaishi ndani yake. Baada ya uhuru mashamba haya yalitaifishwa, tarehe 30 Septemba 1975, na baadaye, hasa miaka ya 1990, ardhi nyingi iligawanywa kwa wakulima wadogo, lakini safu za vyumba zilibaki na watoto wa waliokuwa wafanyakazi wakabaki ndani yake, wengi wakiwa wa asili ya Angola, Msumbiji na Kabo Verde. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona picha nyingi ambamo wageni wanapiga picha milango ya watu kana kwamba ni magofu. Sisi wa makambi ya hapa tungejisikiaje mtu akishuka kwenye gari pale kwenye nyumba zetu na kupiga picha kamba ya nguo? Tutasalimia kwanza, tutaomba ruhusa, na tutanunua kinachouzwa, hata kama ni ndizi.

Karibu na hapo, ufukweni Fernão Dias, kuna mnara wa kumbukumbu ya mauaji ya Batepá, yaliyoanza tarehe 3 Februari 1953 wakati gavana Carlos Gorgulho alipowaandama wenyeji waliokataa kugeuzwa vibarua wa mashamba. Waliokamatwa walipelekwa Fernão Dias kufanya kazi za kulazimishwa. Tarehe hiyo ni siku ya mapumziko ya taifa hadi leo. Baadaye ndipo tutafika Lagoa Azul, ghuba ndogo ya maji ya bluu na mibuyu, ambako watoto wataogelea. Eneo hili la kaskazini ni kavu, lina nyasi na mibuyu, hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali kusini-magharibi mwa kisiwa hikihiki hunyesha mara kadhaa ya hiyo. Ni milima inayofanya hivyo: upepo wa bahari wenye unyevu hutoka kusini-magharibi, hugonga miteremko, humwaga mvua upande huo, na unapofika kaskazini umekwisha kukauka. Mwanangu mkubwa, anayesoma jiografia kwa kukariri, ataliona somo hilo kwa macho yake kati ya asubuhi moja na nyingine. Tutaishia Neves, mji wa wavuvi, bila kujilazimisha kufika mwisho wa lami.

Siku ya katikati ni fupi. Monte Café ni shamba la kahawa katika nyanda za juu, lenye makumbusho yanayoonyesha jinsi kahawa ilivyomenywa, kukaushwa na kuchambuliwa, na hapo ndipo wanaweza kueleza kazi kwa utaratibu. Juu zaidi kuna maporomoko ya São Nicolau na bustani ya mimea ya Bom Sucesso, ambako huanzia njia za kuelekea Pico de São Tomé, mlima wa mita 2,024. Kuupanda mlima huo ni kazi ya siku mbili pamoja na kiongozi, nasi hatuupandi. Jioni hiyo itatosha kurudi mjini kuona ngome ya São Sebastião, ambayo sasa ni makumbusho ya taifa.

Kusini ndiko nilikotenga muda mwingi, na hapa sina shaka. Kutoka mjini hadi Porto Alegre ni kiasi cha kilomita 80 tu, lakini barabara ina kona nyingi na vipande vibovu, huchukua zaidi ya saa mbili bila kusimama, na ni kosa kuipita bila kusimama. Kituo cha kwanza ni Água Izé, shamba ambalo karakana na hospitali yake vinaonyesha ukubwa wa fedha iliyokuwa ikizunguka hapa. Kakao ililetwa kutoka Brazili kwanza Príncipe, miaka ya 1820, kisha ikaenea São Tomé, na mwanzoni mwa karne ya 20 visiwa hivi vidogo vilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa kakao duniani. Mbele kidogo ni Boca do Inferno, mwamba ambamo mawimbi hupenya na kuruka juu kwa kishindo. Dakika chache zinatosha, na watoto washikwe mikono.

Tutalala São João dos Angolares. Watu wa huko, Waangolare, wana lugha yao, na simulizi inasema wametokana na watumwa kutoka Angola waliookoka meli yao ilipozama karibu na pwani hiyo katika karne ya 16, wakajificha msituni na kuishi huru. Watafiti wengine wanaona kwamba walitokana hasa na watumwa waliotoroka mashambani. Vyovyote iwavyo, hao ni watu ambao roça haikuwapata kwa urahisi, nami nimependa tulale kwao baada ya siku za kutazama vyumba vya vibarua. Nyumba kuu ya shamba la hapo imegeuzwa kuwa mahali pa kulala na kula, pakiongozwa na mpishi João Carlos Silva, anayefahamika pia kwa vipindi vyake vya televisheni. Chakula nilichoandikia mistari miwili chini yake kwenye daftari ni kalulu, samaki au kuku aliyepikwa na mboga za majani, bamia na mafuta ya mawese. Mtu aliyezoea sombe, yaani kisamvu, na mawese hatakuwa mgeni mezani. Bukari ndiyo haitakuwepo. Kuna ndizi, mihogo na matunda ya mshelisheli.

Kesho yake ni Pico Cão Grande. Ni nguzo ya mwamba wa volkano, kilele chake kiko mita 663 juu ya usawa wa bahari, na inasimama wima zaidi ya mita 300 juu ya msitu unaoizunguka. Volkano ilipokoma, uji wa mawe uliobaki kooni uliganda ukawa mgumu, na mvua ya mamilioni ya miaka ikala mlima laini uliokuwa nje yake. Huonekana kutoka barabarani, kati ya mashamba ya michikichi, ikiwa mawingu yatakubali. Mwezi wa saba hayakubali kila mara, ndiyo sababu nyingine ya kuwa na siku mbili kusini, ili tupate nafasi ya kuitazama tukienda na tukirudi. Mwisho wa barabara tutapanda mashua kwenda Ilhéu das Rolas, kisiwa kidogo ambacho mstari wa ikweta unakipita. Kuna mnara wa kumbukumbu ya Gago Coutinho, afisa wa jeshi la majini la Ureno aliyefanya vipimo hapo. Najua kwamba ikweta inapita nchini kwetu pia, na kwamba mtu wa Mbandaka atacheka tukisafiri hivyo ili kuukanyaga mstari ulio karibu na nyumba yake. Lakini kwenda Mbandaka kutoka Lubumbashi nako si mchezo.

Príncipe tumeiacha. Uamuzi huo uliniuma, kwa sababu ni huko, kwenye Roça Sundy, mwanafalaki Mwingereza Arthur Eddington alikopiga picha za kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, picha zilizothibitisha kwamba mvuto wa jua hupinda mwanga wa nyota kama Einstein alivyokuwa amebashiri. Shamba la kakao lenye vibarua likaingia katika historia ya fizikia kwa dakika chache za mawingu yaliyofunguka. Kisiwa hicho kiko karibu kilomita 150 kaskazini-mashariki, na UNESCO ilikitambua kuwa hifadhi ya mazingira ya viumbe mwaka 2012. Ila ndege ndogo ya kwenda huko ni gharama nyingine juu ya gharama, hoteli zake nyingi zimekusudiwa watu wenye fedha kuliko sisi, na meli hatuipandi: mwaka 2019 moja ilizama karibu na Príncipe na watu wakafa. Kwa juma moja, kisiwa kimoja kinatosha.

Juu ya fedha, tulio na mazoea ya dola tubadilishe fikra. Fedha yao, dobra, imefungwa kwenye yuro kwa kiwango cha dobra 24.5 kwa yuro moja, kwa hiyo yuro ndiyo ya kubeba, na ni afadhali kuibeba mkononi, noti ndogondogo, kuliko kutegemea kadi ya benki nje ya mji mkuu. Gari tutalikodi pamoja na dereva kwa siku za kaskazini na kusini. Siku ya katikati tutapanda teksi za njano. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na hapa Lubumbashi ichukuliwe mapema katika kituo halali, si siku ya safari. Malaria imepungua sana visiwani lakini ipo, nasi tutabeba vyandarua na dawa. Viza za nchi zote mbili, ya Angola kwa ajili ya kupita na ya São Tomé yenyewe, ziulizwe kwenye balozi kabla ya kulipa tiketi hata moja.

Kilichobaki ni lugha. Kireno na Kifaransa vinafanana kwenye karatasi kuliko kwenye masikio, na mtu anayesoma Kifaransa ataelewa vibao vingi bila kuelewa jibu la dereva. Jirani yetu, mama aliyekulia Dilolo na kuuza bidhaa Luau kwa miaka mingi, amekubali kutufundisha Jumamosi jioni kwa malipo ya kilo ya sukari kila mara. Ameanza na namna ya kusalimia wazee na ya kuuliza bei. Shemeji, ambaye sasa amekubali siku zote za ratiba, anahudhuria kuliko sisi, na amemwomba mama huyo amfundishe pia jinsi ya kukataa bei ya kwanza bila kumkasirisha muuzaji.